Sprei zinaficha harufu, haziiondoi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Siku hizi ukiingia nyumba za watu hapa Dar unapokewa na sprei ya maua mpaka unapiga chafya, halafu chini yake bado unasikia dagaa la jana na tambara bichi la kudekia. Mwenye nyumba hana habari, pua yake imeshazoea! Akitaka kujua atoke nje nusu saa arudi, au amuulize mgeni asiyemwogopa.

Udi sina ugomvi nao kabisa, ila kwanza tafuta harufu inatoka wapi. Choo cha wageni kisichotumika mara nyingi shida ni lile bomba lililopinda chini ya sinki au tundu la sakafuni, maji yake yakikauka hewa ya chemba inapanda ndani, unamwaga maji jagi moja tu kwishney.

Ila kinachonitisha ni gesi. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ule uvundo umeongezwa makusudi ili tushtuke ikivuja, sasa wewe unapulizia lavenda juu yake jamani? Na ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, kwahiyo inamia unuse karibu na sakafu. Ukiisikia funga mtungi fungua madirisha, usiguse swichi ya taa wala kiberiti, na huo udi usubiri.

Msomaji wako,
Temeke