Walinzi wa mitaa wafundishwe kabla ya kukabidhiwa filimbi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watu wanaojitolea kulinda mitaa yetu usiku, ambao tunawapa filimbi na tochi, kisha tunaona kazi imekwisha.

Miezi michache iliyopita duka langu hapa Jinja lilivunjwa usiku wa manane. Walinzi wa mtaa walifika kabla sijamaliza kuvaa viatu, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Lakini kufuli lililokatwa liliokotwa na mmoja wao, akampa wa pili, likazunguka katika mikono ya watu wasiopungua kumi, kila mmoja akilimulika na kuligeuzageuza. Mwingine, kwa wema kabisa, alifagia vipande vya kioo ili watoto wasijikate. Asubuhi polisi walipomleta mbwa wa kunusa, alizunguka uani mara mbili, akachanganywa na nyayo za majirani, akaketi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaeleza kuwa mahali palipotendeka uhalifu hapaguswi, na kwamba hata kamba ya kuanikia nguo yatosha kupazungushia mpaka mpelelezi afike.

Msingi wa ulinzi huu tunao. Mayumba Kumi, yaani utaratibu wa majirani wa nyumba kumi kulindana, ni jina ambalo walimu wa Kiswahili hulisahihisha kuwa nyumba kumi, lakini hapa Uganda kila mtu analielewa. Kamati ya LC1, yaani uongozi wa kijiji au mtaa, ina katibu wa ulinzi. Katiba ya 1995, katika ibara ya 17, inampa kila raia wajibu wa kushirikiana na vyombo halali katika kudumisha sheria na utulivu, na ibara ya 212 inawataka polisi nao washirikiane na wananchi. Kinachokosekana ni mafunzo.

Kinachonitia hofu zaidi ya kufuli ni uhai wa watu. Nimeshuhudia kijana aliyeshukiwa kuiba simu akipigwa mbele ya mlinzi wa kujitolea, naye mlinzi amesimama na fimbo yake, asijue kama wajibu wake ni kuwazuia wapigaji au kuwasaidia. Mlinzi aliyefundishwa angejua kwamba raia anayemkamata mshukiwa anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na kwamba hata polisi wenyewe, kwa ibara ya 23, wana saa 48 tu za kumfikisha mahakamani. Angejua pia kusimama kati ya umati na mshukiwa, kumtuma mwenzake apige 999 au 112, na kuandika katika daftari saa, mahali na alichokiona kwa macho yake, akikiweka mbali na alichosikia kwa watu.

Wapo watakaosema jambo hili lilishajaribiwa. Ni kweli kwamba kabla ya uchaguzi wa 2016 vijana wengi walifundishwa nchini kote wakaitwa wazuia uhalifu, na mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International na Human Rights Watch yakiwamo, yakaitaka serikali isimamishe mpango ule kwa sababu ya malalamiko ya upendeleo wa kisiasa na unyanyasaji. Kwangu mimi, hiyo ni sababu ya kufundisha kwa namna nyingine: watu wachache wanaochaguliwa na wakazi wenyewe katika mkutano wa kijiji, wanawake wakiwemo, bila fulana ya chama chochote, na majina yao yabandikwe penye ofisi ya mwenyekiti ili mwenye lalamiko ajue amlalamikie nani.

Naviomba vituo vya polisi vya mji wetu vitupe afisa mmoja kwa Jumamosi mbili tu, atufundishe kwa Kiswahili na Kisoga, maana mtaani kwetu wanaishi watu wa makabila mengi. Baraza la duka langu lina nafasi, na mabenchi nitayatoa mimi.

Mwenye duka,
Jinja