Athu, asilimia moja ya nini?

Athumani ndugu yangu, za Tanga? Huku Dar tupo, jua linatuchoma na foleni ya Mbagala iko palepale. Mama Zai anakusalimia, kasema na ile hela ya mchezo anaikumbuka, mi simo humo.

Haya tuje kwenye voisi yako. Nimeelewa, juisi ya ukwaju, chupa nusu lita, lebo kali, we ujuzi mi mtaji. Sawa. Ila ulipofika pale "soko la vinywaji nchi hii kubwa mno kaka, tukichukua asilimia moja tu tumetoka", nikaizima nikaenda kula kwanza.

Asilimia moja ya nini Athu? Ya lita? Ya hela? Ya nchi nzima mpaka Kigoma? Unaongea kama vile soko likiwa kubwa basi na wewe kuna sahani yako imefunikwa jikoni. Kila chupa utakayouza kuna mtu alitaka kuiuza yeye, na huyo mtu hajalala.

Afu unasema huna mpinzani eti kwa sababu Tanga hakuna anayefunga ukwaju kwenye chupa. Mtu kashuka stendi ya Kange ana kiu na mkononi ana buku. Pale pana maji, soda, energy, dafu, na yule mama wa ndoo anauza ukwaju huohuo glasi jero. We unakuja na buku jero. Hao wote ndo wapinzani wako, tena mama wa ndoo ndo namba moja. Hata FCC, wale wa Tume ya Ushindani, wakitaka kujua soko la bidhaa linaishia wapi wanaangalia mteja kikipanda bei atahamia kwenye nini. Swali hilohilo jiulize, halihitaji mwanasheria.

Umenitolea mfano wa Azam, kwamba Coca-Cola na Pepsi walikuwepo miaka na miaka na bado akapenya. Kweli kabisa, ila usikate hadithi katikati. Bakhresa alipoleta cola tayari alikuwa anauza unga, maji, juisi, aiskrimu, kila mwenye duka anamjua, gari likileta kimoja linashusha na kingine. Na alikuja na chupa ya plastiki wakati soda nyingi bado ni za glasi, unakunywa umesimama dukani au unaacha hela ya chupa. Yeye akakuruhusu uondoke na soda yako. Utamu sijui, wengine wanausema vibaya mpaka leo, lakini hilo la kuondoka nayo lilimlipa. Halotel nao Oktoba 2015 wamekuta Voda, Tigo na Airtel wameshika miji, wakashindilia minara na vijijini, kule ambako watu walikuwa wanatafuta mtandao juu ya kichuguu. Na hizo asilimia za mitandao wanazotoa TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kila robo mwaka ni za laini. Shemeji yako ana laini tatu na inayokula hela ni moja. Kwa hiyo ukinitajia asilimia tena, niambie na umehesabu nini.

Mi kila siku niko kwenye gari la vinywaji, vita naiona kwenye friji. Mwenye duka friji kapewa na kampuni, masharti aweke vya kwao tu, juisi yako ataipachika chini nyuma ya nyanya za mkewe. Utamwachia mali kauli, alipe akishauza, atapokea anacheka, wiki inaisha chupa zipo vilevile na mtaji umelala kwa watu. Halafu utanipigia "kaka tuko maduka hamsini!" Hamsini ya mali kauli siyo soko. Aliyemaliza akakupigia mwenyewe ulete nyingine, huyo mmoja ndo nataka kumsikia.

Na usije ukasema tushushe bei. Kenya 2010 Zain walishusha dakika mpaka shilingi tatu, Safaricom naye akashusha, wateja wakafaidi, na Safaricom akabaki juu maana M-Pesa toka 2007 ilikuwa imeshawashika watu. Zain walikuwa na mfuko mrefu. Sisi mfuko wetu ni huu wangu!

Kwa hiyo achana na nchi. Chukua Ngamiani hapohapo Tanga, tena barabara mbili tatu tu, zile ambazo wanakujua, uhesabu friji zilizopo na wangapi wanaagiza mara ya pili. Hela ya chupa za kuanzia nakutumia Ijumaa. Ile nyingine, mpaka nione hizo oda za kurudia.

Sasa nijibu, na uandike, usinitumie voisi ya robo saa. Juisi bila friji inakaa siku ngapi kabla haijachacha? Chupa tupu unanunua wapi, shilingi ngapi? Muuza duka anabaki na faida gani kwa chupa moja, na kwenye soda anapata ngapi? SIDO, wale wa viwanda vidogo, umeshaenda kuulizia mambo ya nembo ya ubora ya TBS au bado unasema kesho? Yule mama wa ndoo umewahi kumuuliza kwa siku anamaliza ndoo ngapi? Kidevu bado ana lile duka karibu na Mkwakwani, au kampangisha mtu? Na Bi Mwanaidi mguu unaendeleaje, anatembea?

Wako,
Rama