Kabla Hujalipia Gitaa la Umeme la Bei Nafuu, Tazama Shingo

Swali tunaloulizwa zaidi hapa karakanani ni hili: "Fundi, hili gitaa ni zuri au nimepigwa?" Kwa bahati mbaya, anayeuliza huwa ameshalipa. Makala hii ni ya yule ambaye pesa bado iko mfukoni: kijana anayetaka kuanza solo, mzazi anayemnunulia mwanawe, kamati ya kwaya iliyochangisha na haitaki kuchangisha tena mwakani.

Tuanze na sababu ya bei kuwa ndogo, maana ukiijua utajua pa kutazama. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka viwanda vya Indonesia na China, na viwanda hivyo si vya kubahatisha. Kiwanda cha Cort kule Surabaya, kwa mfano, hutengeneza magitaa ya majina mbalimbali, si ya Cort peke yake. Squier ni jina ambalo kampuni ya Fender imelitumia kwenye magitaa tangu 1982, na Epiphone ni mali ya kampuni ya Gibson. Mbao zinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama gitaa hili litauzwa dola 200 au dola 1,000. Inakata vilevile. Kinachopunguzwa ni saa za mkono wa fundi: kusawazisha freti (vile vyuma vilivyolala kwa upana wa shingo), kulainisha ncha zake, kuchonga mifereji ya nyuzi kwenye nati (kipande cheupe kilicho chini ya kichwa), kurekebisha daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi). Gitaa la bei ndogo mara nyingi limekatwa vizuri ila halikumaliziwa. Kwa hiyo unapolichunguza unajiuliza mambo mawili: kilichobaki kinaweza kumaliziwa hapa? Na kitagharimu kiasi gani?

Shingo ndiyo inayojibu. Daraja linabadilishwa, pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) zinabadilishwa, swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya) ni kazi ya mchana mmoja. Shingo mbovu ni gitaa bovu.

Lishike gitaa uelekeze macho kutoka kwenye bodi kwenda kichwani, kando ya shingo. Mstari wa freti za mwanzo na mstari wa freti za mwisho vilale sambamba. Vikipishana, shingo imejisokota, na hiyo liache dukani hata wakikupunguzia nusu ya bei. Kama haijajisokota, kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja na kwenye freti ya mwisho kwa kidole kingine. Uzi uliokazwa haupindi, kwa hiyo unautumia kama rula. Tazama katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na nafasi ndogo sana kati ya uzi na freti, kama robo milimita. Kadi ya benki au ya NIDA ina unene wa milimita 0.76. Ikipita hapo bila kuusukuma uzi, shingo imeinama mbele kupita kiasi. Kama hakuna nafasi kabisa na uzi umelala juu ya freti, imerudi nyuma, na noti za chini zitakwaruza.

Kuinama siyo ugonjwa. Seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (kwa sehemu za elfu za inchi) ikituniwa kawaida huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 40, na ndani yake kuna nondo ya chuma ya kupingana na mvuto huo. Inakazwa au kulegezwa kwa ufunguo, robo mzunguko kwa mara moja, kisha unasubiri. Unachotaka kujua dukani ni kama nondo hiyo inafanya kazi. Omba uone tundu lake, kichwani au kwenye kitako cha shingo. Kichwa cha nondo hiyo kikiwa kimekwanguka hadi ufunguo unateleza, mtu ameshajaribu kwa nguvu na ameshindwa. Usinunue tatizo lake.

Kadi hiyohiyo ikupimie urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Kwenye freti ya 17, bila kukandamiza chochote, kipimo cha kiwandani cha Fender kwa magitaa mengi ni milimita 1.6 kati ya juu ya freti na chini ya uzi. Kadi mbili zikipangwa pamoja ni milimita 1.5. (Tumia kadi isiyo na namba zilizovimba.) Magitaa mapya ya bei ndogo hutufikia yakiwa kwenye kadi nne. Mwanafunzi anaumia vidole, anadhani hana kipaji, anaacha. Hilo linatuuma sana, kwa sababu kuteremsha nyuzi ni kazi fupi mno. Kwa hiyo nyuzi zikiwa juu usilikatae gitaa, ila hakikisha skrubu za daraja bado zina nafasi ya kushuka.

Sasa freti. Hapa tunakuomba usisikilize sana wakaguzi wa mtandaoni wa Ulaya na Marekani, hata wale waaminifu. Wengi wao wanalipima gitaa kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi na pedali za rock, na sauti ile inaficha mengi. Muziki wetu wa dansi na sebene hupigwa kwa sauti safi. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Franco na TP OK Jazz: solo imekaa juu shingoni, noti moja moja, wazi, na ridhimu inajibizana nayo. Noti ikikwaruza au ikiwa juu ya tuni kidogo tu, ukumbi mzima unasikia. Ndiyo maana gitaa lililosifiwa kwa rock linaweza kukuangusha kwenye kwaya.

Kwa hiyo piga kila freti ya kila uzi, moja moja, bila kuchomeka kwenye amplifaya. Ni kazi ya dakika tano, na muuzaji anayekukataza amekuambia unachohitaji kujua. Noti moja ikifa au ikitoa sauti ileile ya freti inayofuata, kuna freti iliyoinuka. Freti moja au mbili tunazisawazisha. Zikiwa nyingi, kazi yake inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo, juu na chini. Ncha za freti zikikuchoma, mbao imekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki na urefu wake. Tunaliona zaidi kwa magitaa yaliyokwenda kukaa Dodoma kuliko yanayobaki huku pwani. Linapigwa tupa na kwisha.

Halafu pima kama gitaa linasema kweli juu shingoni. Washa programu ya kutuni kwenye simu. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, utatoka mlio mwembamba. Kisha kandamiza freti hiyohiyo upige tena. Noti mbili hizi zifanane. Ya kukandamiza ikizidi, kipande cha daraja kinachobeba uzi huo kirudishwe nyuma. Ikipungua, kisogezwe mbele. Shida ni pale skrubu imefika mwisho na noti bado imezidi. Toa utepe wa kupimia: kwenye gitaa lenye urefu wa nyuzi kama wa Fender, kutoka nati hadi freti ya 12 ni milimita 324, na kutoka hapo hadi daraja, upande wa uzi mwembamba, ziwe 324 au zaidi kidogo. Zikipungua, daraja limefungwa mahali pasipo pake. Hilo ni kosa la kiwandani na hatukushauri ulinunue kwa bei yoyote.

"Halishiki tuni" ni lalamiko jingine, na lawama zote hupewa vikazio vya nyuzi kichwani. Kwa kawaida kosa liko kwenye nati, kile kipande cheupe nyuzi zinapopita kuingia kichwani. Mfereji wake ukiwa mwembamba, uzi unakwama, kisha unaachia ghafla katikati ya wimbo. Ukituni ukasikia "ting!", ndiyo hiyo. Mifereji ikiwa haijachongwa vya kutosha, kodi (noti zinazopigwa pamoja) za mwanzo kama E na A zinatoka chungu hata nyuzi wazi zikiwa sawasawa. Kuchonga nati ni katika kazi ndogo tunazofanya, na hakuna kazi inayobadilisha gitaa la bei nafuu kuliko hiyo.

Mbao tutazipita haraka. Wateja wanauliza mti gani, wakitaja mninga na mpingo. Kwenye gitaa la umeme sauti inaanzia kwenye uzi wa chuma unaotikisika juu ya sumaku. Mbao inachangia, lakini haitaokoa freti mbaya. Bodi ya plaiwudi haituogopeshi ila sehemu moja: skrubu za daraja na shingo zinalegea upesi. Zikaguliwe. Ukikuta ubao wa vidole umetengenezwa kwa laureli badala ya mti mwekundu uliozoeleka, rosewood, usidhani ni udanganyifu. Biashara ya kimataifa ya miti ya ukoo wake, Dalbergia, iliwekewa masharti mwaka 2017, na viwanda vingi vikahama. Ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019, ila wengi hawakurudi. Mpingo wetu, unaotengenezewa klarineti na oboe za dunia, ni wa ukoo huohuo.

Kwenye umeme, geuza vitufe vyote. Vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi, vinasafishwa. Tikisa waya kwenye jeki. Sauti ikikatika, ni kulehemu upya. Pikapu za koili moja zina mngurumo kidogo, hata za gitaa ghali, na mngurumo ukipungua unapogusa nyuzi ujue waya wa ethi ndani umeungwa vizuri.

Lakini kuna mambo mawili yanayolaumiwa kwa gitaa wakati si lake. La kwanza: makanisa mengi wanachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, sauti inatoka nyembamba na imezibwa, kisha wanakuja kutaka pikapu mpya. Pikapu ya kawaida inataka kuingia mahali penye upinzani mkubwa, takriban megaohm 1, kama ulivyo mlango wa amplifaya ya gitaa. Mlango wa laini wa miksa una kiloohm 10 hivi, na sauti za juu zinafia hapo. Tafuta mlango wenye kitufe cha Hi-Z (yaani upinzani mkubwa), au weka kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na miksa, kinachotumia betri au umeme. Tumeshawarudisha watu nyumbani na magitaa yao bila kuyafungua, kwa sababu hayakuwa na tatizo.

La pili ni la usalama, tafadhali lisomeni kwa makini. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi ya amplifaya, na ndivyo inavyotakiwa. Ila kama pini ya ethi kwenye plagi imekatwa, au jengo halina ethi, nyuzi zinaweza kubeba umeme. Mpigaji anasogeza midomo kwenye maikrofoni na anapigwa shoti. Umeme wetu ni volti 230, unaua. Ukihisi mwasho vidoleni au mdomoni, zima, chomoa, mwite fundi umeme wa majengo. Kubadilisha gitaa hakutakusaidia.

Kuhusu feki: gitaa lililoandikwa Gibson kwa bei ya simu ya kawaida si Gibson. Tazama kifuniko cha nondo kichwani. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Hatuwadharau walionazo, tunazitengeneza pia, lakini aliyelitengeneza alitumia pesa kwenye jina na rangi, akabana kwenye freti na vikazio. Squier, Cort, Yamaha Pacifica au Ibanez Gio iliyoandikwa jina lake halisi ni ununuzi bora zaidi.

Ukiwa na laki tano, basi, usinunue gitaa la laki tano. Bakiza za nyuzi mpya, waya mzuri na kuseti. Gitaa la bei ya chini lililosetiwa litampigia mwanao vizuri kuliko la bei ya juu kidogo lililotoka kwenye boksi hivyohivyo.

Kuseti kwetu ni nondo, nati, urefu wa nyuzi, tuni ya freti ya 12, kusafisha vitufe na kukaza kila skrubu. Tunalikagua gitaa mbele yako na kukutajia gharama kabla ya kushika bisibisi. Likiwa halistahili matengenezo tunakwambia, na kuliangalia hatutozi. Kama bado hujanunua na muuzaji yuko tayari, njooni naye. Likija, lije na nyuzi zake zikiwa zimetuniwa, hata kama zimeota kutu, maana shingo isiyovutwa na nyuzi haionyeshi tabia yake, na itabidi uliache hadi kesho yake.