Barua ya wazi kwa baba mdogo: usiiuze Landrover ya babu, ila acha kwenda nayo kazini

Baba mdogo, shikamoo.

Mama mdogo amenieleza kwamba Landrover imelala tena Tengeru, na kwamba umesema sasa inatosha, anayeitaka aje aipime kwa kilo kama chuma chakavu. Nimeona nikuandikie. Barua nimeiacha wazi kwa kuwa si uani kwetu peke yake kuna gari la mzee. Wapo wenye Peugeot 504, wapo wenye Datsun, wapo wenye Corolla za miaka ya themanini, na wengi wao wamefika hapo ulipofika wewe.

Ninakuomba jambo moja. Usiiuze, lakini usiendelee kuitegemea kila asubuhi. Tafuta gari dogo la bei nafuu likutoe Usa River likufikishe Arusha mjini na kukurudisha, ili Landrover ipate muda wa kutengenezwa. Haijawahi kuupata huo muda tangu babu atutoke.

Najua utaniuliza: mtu aliyeshindwa na gari moja atayaweza mawili? Lakini hebu tazama hilo moja linavyotengenezwa. Linaharibika jioni, na kesho yake saa kumi na mbili watoto wanatakiwa wawe njiani kwenda shule. Fundi anaitwa usiku, anamulika kwa simu, anatafuta namna ya kulifanya liwake na liondoke. Simlaumu, maana ndicho anachoombwa. Masta silinda ya klachi (pampu yake ya fluidi) inavuja, anaongeza fluidi. Waya umeungua, anapitisha mwingine juu yake bila fyuzi. Mpira wa rejeta umepasuka, anauzungushia mpira wa baiskeli. Kila tengenezo linatakiwa lifike kesho tu, na kesho ikipita linadai upya. Ukijumlisha ulichotoa mwaka huu utakuta ni fedha nyingi, na hakuna hata shilingi iliyofika kwenye ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wenyewe uko chini. Hizi Landrover za Series III, kama yetu, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni za ukoo ulioanza 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo baada ya vita. Ndiyo maana bodi yake ni alumini. Watu huitazama bodi, wakiona haina kutu husema gari bado zima. Lakini chesisi, ile fremu inayobeba gari lote, ni chuma, tena chuma cha boksi chenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yakakaa, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoiona kwa macho, ndani imeshamaliza kazi. Na pale alumini inapogusana na chuma, unyevu ukipenya katikati, alumini hugeuka unga mweupe. Ule unga unaoupangusa kwenye kingo za milango ndio huo. Kumbuka Landrover hii ilikobeba vitunguu miaka yote ile: Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwenye vumbi la chumvi na tope la masika. Chesisi yake imebeba hayo yote na haijawahi kuoshwa kwa ndani.

Chukua nyundo ndogo, lala chini yake, gonga kuanzia mbele hadi nyuma. Penye chuma kizima patalia. Penye kutu sauti itakufa. Gonga zaidi kwenye ule mhimili wa mwisho kabisa nyuma, kwenye makalio ya springi, na kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Hapo ndipo Landrover huanza kufia.

Kazi hiyo haifanyiki usiku. Gari linapandishwa kwenye stendi imara, bodi inafunguliwa (nayo imefungwa kwa bolti, kwa hiyo inawezekana kabisa), chuma kilichooza kinakatwa, kipya kinachomelewa, kinapakwa rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya boksi kunapulizwa nta. Ikionekana haifai kabisa, chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki bado zinatengenezwa Uingereza mpaka leo, ingawa kuifikisha hapa ni gharama kubwa. Kwa njia yoyote ile, gari linakaa miezi, na fundi mwenye akili hatakubali kulikata chesisi gari linalosubiriwa asubuhi.

Kuna breki pia, na hapa nasema nikiwa na hofu kwa sababu wadogo zangu wamo ndani. Landrover hii ina breki za dramu magurudumu yote manne, na hazijirekebishi zenyewe. Ni lazima mtu achukue spana arekebishe gurudumu moja moja. Fluidi nayo hunyonya unyevu, na unyevu huo huzitia kutu zile silinda ndogo za magurudumu kwa ndani. Mama mdogo ananiambia siku hizi unakanyaga mara mbili ndipo inashika. Baba mdogo, barabara ile ya njia nne kutoka Tengeru kwenda Sakina imejaa Hiace zinazosimama ghafla na bodaboda zinazochomoka kila upande. Kukanyaga mara mbili ni kuchelewa. Hata kama barua hii yote haikukuridhisha, watoto wasipande tena mpaka breki zitengenezwe zote, masta silinda, mipira na silinda za magurudumu.

Sasa hilo gari dogo. Mimi ningetafuta Toyota IST ya toleo la kwanza, la 2002 hadi 2007. Injini ni ya cc 1,300 au 1,500, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na spea zake zipo hadi kwenye maduka ya Usa River penyewe. Usiagize Japani. Gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote, na wewe hutafuti gari la kukaa nalo miaka ishirini. Nunua ambalo tayari liko nchini, namba C au namba D (ile herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao), ambalo mwenzako alishalilipia ushuru. Unapata zuri ukiwa na subira na usipokimbizwa na dalali.

Ukienda kuliona, nenda asubuhi na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Sikiliza linapowaka likiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji ni safi au yana mafuta. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi ukinuse. Yakinuka kuungua, aga uondoke. Kunja usukani mpaka mwisho ulitembeze polepole ukisikiliza magurudumu ya mbele. Rangi inayong'aa upande mmoja kuliko mwingine inaeleza ajali. Halafu tazama kadi: jina, namba ya chesisi, namba ya injini. Ingiza namba ya gari mtandaoni uangalie deni la trafiki na deni la maegesho kabla ya kutoa hata shilingi, na umiliki ubadilishwe TRA wiki hiyo hiyo, usikubali kuachiwa kadi yenye jina la mtu wa tatu.

Najua hupendi IST. Umesema mara nyingi kwamba ukikaa humo unajiona umekaa chini kama mtoto. Lakini piga hesabu. Kwenda na kurudi kwako ni kama kilomita 45. Landrover ya petroli, injini ile ya cc 2,286, hula lita moja kwa kilomita sita hivi ikiwa nzima, na yako si nzima. IST inakwenda kilomita 14 hivi kwa lita. Kwa siku ishirini na mbili za kazi tofauti inazidi lita 90 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli ya EWURA ya mwezi huu uone. Fedha hiyo ndiyo ya chesisi, nawe huikopi popote.

Hapo ndipo nisipokubaliana na ule mpango wa mkopo wa SACCOS kwa ajili ya kubadilisha injini. Fundi anayekushawishi uweke dizeli ya Nissan hakudanganyi kwamba itavuta vizuri, itavuta. Lakini utakuwa umeweka nguvu mpya juu ya chesisi iliyooza na breki zinazokanyagwa mara mbili. Kuna kutengeneza viungo vya kuunganisha injini na giaboksi ya zamani, kuna mipira ya maji isiyofanana, kuna namba ya injini inayotakiwa kubadilishwa kwenye kadi. Injini ya babu haijafa. Inachemsha, inamwaga mafuta, na kabureta limechoka. Yote hayo yana dawa, na ni injini rahisi sana kufundishia kijana. Kama ni kukopa, kopa ile sehemu itakayopungua kwenye bei ya gari dogo, basi.

Na gari dogo lenyewe liache lilivyo. Usiliwekee rimu wala redio kubwa. Oili na filta kila kilomita 5,000, fluidi ya giaboksi sahihi, tairi nzuri, bima, imetosha. Likianza nalo kudai mapenzi utakuwa na miradi miwili uani na usafiri hakuna.

Landrover ikishapumzika, iwekwe chini ya bati, si chini ya mwembe. Toa betri uiweke ndani. Ipandishe tairi zisibebe uzito. Ziba tundu za panya, maana panya wa Usa River wanapenda waya kuliko mahindi. Kila bolti inayofunguliwa iingie kwenye mfuko wake na karatasi inayosema imetoka wapi, na picha ipigwe kabla. Nimeona magari pale mtaa wa Unga Limited yaliyofunguliwa vizuri kabisa na hayajafungwa mpaka leo kwa sababu bolti zote ziliwekwa kwenye ndoo moja. Kazi ianze na chesisi, zije breki na stelingi, ndipo injini na mfumo wa maji, kisha nyaya zote zivutwe upya. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, na wakati wa kuchomelea cheche zinaichoma yote.

Oktoba 2024, Landrover zilipojaa Arusha kwa lile tamasha lao, nilikuwa pembeni ya barabara. Zilipita Landrover za aina ya 109, zile ndefu, kuukuu kuliko yetu, nyingine zimebeba familia nzima nyuma, wazee wameshika usukani wamenyooka. Kila iliyopita nilikuwa naangalia namba, ingawa nilijua yetu iko uani haina klachi. Nilitokwa machozi. Wale wazee hawana fedha kutuzidi sisi. Wengi wao nilioongea nao wanakuja mjini kwa kigari kingine siku za kazi, na Landrover inatoka Jumapili au wakati wa mavuno.

Jumamosi nitakuja na nyundo, tochi na jeki kubwa ya kazini. Usimpe jibu yule mtu wa chuma chakavu kabla hatujaigonga chesisi pamoja, mimi na wewe, tukatia chokaa kila penye sauti iliyokufa. Kuna IST namba D ya mwalimu mmoja hapa Ngaramtoni, anahamia Dodoma. Nimemwomba asiiwashe asubuhi hiyo mpaka tufike. Na lile turubai la babu, mwambie mama mdogo asilikate kuanikia mahindi. Bado zima, na litahitajika.

Wasalimie wadogo zangu.

Mwanao.