Vijana wajibiwe maswali yao kuhusu chanjo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chanjo kwa vijana. Ninafundisha baiolojia, na kila siku ya kuchanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyoweza kuleta saratani, inapokaribia, wasichana hunifuata baada ya kipindi na kuniuliza kwa sauti ya chini: je, tutakuwa tasa? Wahudumu wa afya hawaulizwi. Hufika na orodha ya majina, wakachanja, wakaondoka.

Swali hilo lina jibu. Chanjo hii hutengenezwa kwa protini za ganda la nje la virusi, bila vinasaba vyake, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Mwili hujifunza kulitambua ganda hilo na kuandaa kingamwili mapema. Haiharibu uzazi. Kinachouharibu ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo karibu yote hutokana na HPV, na ambayo tiba yake huweza kumlazimu mwanamke aondolewe kizazi. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Msichana akielezwa hivi, hofu yake hupata mahali pa kutulia.

Wazazi nao wana lao: mtoto wa miaka 9 ana nini na ugonjwa unaoambukizwa kwa kujamiiana? Naielewa hasira hiyo. Lakini hakuna anayemshuku mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa sababu chanjo huzuia maambukizi yasiingie; yakishaingia, haiyaondoi. Na tangu mwaka 2022 shirika hilo limeeleza kuwa dozi moja inaweza kutosha kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 20. Wavulana wasitolewe darasani somo hili likianza, maana HPV huwapata pia, na huweza kuwaletea saratani ya koo.

Tusiwafiche maudhi madogo ya chanjo. Mkono utauma, huenda homa kidogo ikaja, na wapo vijana wanaozimia kwa muda mfupi baada ya kudungwa, ndiyo maana huambiwa wakae kwanza kwa dakika 15. Aliyeambiwa mapema atavumilia. Asiyeambiwa, mkono ukimuuma usiku, ataamini uvumi wote aliousikia kwenye simu, na kesho atawasimulia wenzake.

Naziomba wizara za afya na elimu zitenge kipindi kizima kabla ya siku ya chanjo. Vijana waandike maswali yao bila majina, na muuguzi ayasome na kuyajibu yote, hata yanayoonekana ya kipuuzi au ya aibu. Wazazi waalikwe siku hiyohiyo, kwa kuwa fomu ya ridhaa wanaisaini wao.

Mwalimu, msomaji wako