Skana kukataa kusoma sio kwamba kontrol boksi imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wenye magari ya zamani hapa Arusha, na mafundi nao wasome, maana watu wanaliwa hela hivi hivi. Siku hizi vile vidude (skana) vya kuchomeka chini ya usukani vya kusoma kodi za injini, yaani namba za makosa, vimejaa mjini, bei chee, unaunganisha na simu kwa Bluetooth basi kila mtu fundi umeme. Sina neno na hilo, hata mimi ninacho na kinanisaidia. Shida inakuja kikichomekwa kwenye Corolla au Mark II ya miaka ya tisini, simu inazunguka weee mwisho inasema imeshindwa kuunganisha, hapo fundi anakuangalia usoni anakwambia bosi kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, tafuta nyingine.

Jirani yangu huku Sakina kaambiwa hivyo hivyo, ana Corolla AE100, gari ilikuwa inasumbua kuwaka asubuhi tu, si mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba, ikishapata moto inatembea safi mpaka Moshi na kurudi. Sasa jamani, kontrol boksi iliyokufa inachoma plagi na kumwaga mafuta kwenye nozeli saa ngapi? Na AE100 hata hiyo soketi ya matundu 16 ya kuchomekea skana haina, fundi alikuwa kaunga na waya za kubahatisha!

Iko hivi. OBD2, lugha ya pamoja ya skana na kompyuta ya gari, ilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya modeli ya 1996, Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli na dizeli baadaye kidogo. Haya ya kwetu mengi yalitengenezwa yauzwe Japani kwenyewe, na miaka ile sheria ya Marekani haikuwahusu, kwa hiyo unaweza kukuta gari ya 1998 au 2000 ina soketi ile ile ya matundu 16, kidude kinaingia kabisa, ila kontrol boksi inaongea cha Toyota sio OBD2. Ni Mmachame na Mrombo, wote Wachaga lakini kila mtu akishika cha kwao hapo hamna mazungumzo. Kuna programu za simu zina sehemu ya kuandika amri za kuanzia kwa ajili ya Toyota za Japani na wakati mwingine zinakubali, jaribu kabla hujaitupa skana.

Halafu hii taa ya kwenye kidude ndio inawadanganya wengi. Muuzaji anachomeka, taa inawaka, anakwambia si unaona imekubali, lipa. Haijakubali chochote! Tundu namba 16 ni moto wa betri moja kwa moja na namba 4 ni ethi (hasi), hiyo taa inakwambia umeme upo basi (na kwa sababu huo moto haukatiki hata ukitoa funguo, usikiache kidude kimechomekwa wiki nzima gari imepaki, utakuta betri imelala). Simu nayo ikisema imeunganishwa, hapo ni simu na kidude, gari bado haijaguswa. Kazi yenyewe inapita namba 7 kwa magari mengi ya Kijapani ya zamani, au 6 na 14 kwa mapya yanayotumia CAN (njia mpya ya mawasiliano ya gari), chukua tochi uangalie kama hivyo vipini vipo kweli kwenye soketi yako. Na chipu yenyewe, ELM327, ya asili ilitengenezwa na kampuni ya Canada, hizi za bei ya kutupa ni kopi na kuna kopi zimepunguzwa, zinajua CAN tu, kwenye gari ya zamani utazunguka nayo mpaka uchoke.

Kwa Toyota kama ya jirani skana haihitajiki kabisa, unahitaji kipande cha waya. Fungua boneti, kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC, ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unaunga TE1 na E1, gia niutro, redio na AC zima, swichi on bila kuwasha injini, af unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika hakuna kosa, ikikonyeza mbili ikatulia kidogo ikakonyeza tena mbili hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Angalia tu usije ukaigusisha +B (tundu la moto) na E1 maana utaunguza fyuzi, na waya za njano za airbag waachie wenyewe. Nissan na Honda zina soketi zao tofauti, msijaribu huu wa Toyota huko.

Ya jirani ilitoa 22. Waya wa sensa ulikuwa umekatika karibu na plagi yake, kompyuta ikawa inakisia maji ni ya moto wakati injini imeganda, ndio maana asubuhi ilikuwa kazi. Umeungwa, fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta wa injini) ikachomolewa kidogo kufuta kodi, yameisha. Na kontrol boksi ya mtumba alikuwa ameshaanza kuiulizia mtaa wa Unga Limited.

Ombi langu kwa wauzaji, mwacheni mteja achomeke kwenye gari lake mwenyewe mpaka asome mzunguko wa injini kwenye simu ndio alipe. Na mafundi mkitaka kuuza kontrol boksi, mtuonyeshe kwanza mmepima moto na ethi yake kwa mita.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha