Msiing'oe mota ya gramafoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyochapisha kuhusu kupamba sebule kwa vitu vya kale. Mwandishi anashauri kwamba mwenye gramafoni iliyokufa aing'oe mota na mkono wa sindano, abakize sanduku, juu yake apange vyungu vya maua. Sababu aliyoitoa ni kwamba spea zake hazitengenezwi tena. Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Viwandani hazitengenezwi, ni kweli. Nyumbani zinatengenezeka, na mimi nimezitengeneza kwa mikono hii.

Kazi yangu ni fundi cherehani. Gramafoni niliachiwa na marehemu baba: sanduku la mbao lenye kifuniko, kitasa cha kasi nne, yaani mizunguko 16, 33, 45 na 78 kwa dakika. Nilipoichomeka baada ya miaka mingi, mota ilivuma lakini sahani ya kuwekea santuri ikagoma. Nikiisukuma kwa kidole inazunguka mara mbili tatu huku ikigonga du, du, du, kisha inasimama.

Ule mlio ndio ulionionyesha ugonjwa. Katika mashine za aina hii mota haizungushi sahani moja kwa moja. Kati ya shafti ya mota na ukingo wa ndani wa sahani hukaa gurudumu dogo lililovishwa mpira, springi inalibana pande zote mbili, nalo ndilo linalohamisha mwendo. Ukizima kwa kitasa, gurudumu hujitenga na shafti. Sisi nyumbani tulikuwa tukizima ukutani, kwa hiyo shafti ilikaa imeuminya mpira mahali pamoja miaka yote hiyo. Nilipoinua sahani niliukuta mpira umekauka, unang'aa kama kioo, na una kishimo cha upana wa punje ya mchele. Kila kishimo kilipopita kwenye shafti, du.

Gurudumu la kwanza nililitengeneza kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauunga kwa gundi. Sahani ilizunguka, lakini palipoungwa paligonga vilevile. La pili nililivika oringi, ile pete ya mpira ya pampu ya maji, ambayo haina kiungo. Mlio ukaisha, ila sauti ya mwimbaji ikawa inapanda na kushuka kama mtu anayeimba ndani ya mtumbwi, kwa sababu oringi haikukaa sawasawa katikati. Nilikuwa nimeshakaa wiki nzima nikihangaikia kipenyo, nikiamini kwamba gurudumu likizidi hata kidogo, kasi itaharibika. Sivyo. Likiwa kubwa huzunguka taratibu, likiwa dogo huzunguka mbio, lakini ukingo wake hukimbia sawa na ukingo wa shafti na kuipa sahani mwendo uleule. Kasi inapangwa na ngazi zilizochongwa kwenye shafti. Gurudumu linadaiwa kitu kimoja tu, liwe duara kamili na tundu lake liwe katikati.

Nilipolijua hilo kazi ikawa nyepesi. Nilipitisha bolti kwenye tundu la gurudumu, nikakaza kwa nati, nikaifunga bolti kwenye drili, na drili nikaibana kwenye jiliwa. Kisha nikagandisha msasa laini kwenye kipande cha ubao na kuusogeza polepole kwenye mpira unaozunguka, bila kulazimisha. Mwanzoni msasa uligusa upande mmoja tu, ukisema cha... cha... cha. Baada ya dakika kama kumi mlio ulinyooka ukawa mmoja. Nikasimamisha rula karibu na mpira, nikatazama mwanga unaopita katikati yao huku gurudumu linazunguka. Mwanga haukucheza. Niliufuta mpira vumbi lote kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, maana hata alama ya kidole chenye mafuta hulifanya gurudumu liteleze.

Kasi niliipima kwa karatasi. Umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huifanya taa ipepese mara 100 kwa sekunde, jicho lisione. Ukichora kwenye karatasi ya duara mistari myeusi 180, yaani mmoja kila nyuzi 2, ukaiweka juu ya sahani iendayo mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mistari huonekana imesimama. Ikitembea mbele, sahani ina haraka. Ikirudi nyuma, imechelewa. Penye umeme wa mizunguko 60 mistari iwe 216. Tumia taa ndogo ya neoni kama ile ya bisibisi ya kupimia umeme, kwa sababu taa nyingi za LED hazipepesi namna hiyo. Karatasi yangu niliichora kwa bikari na kipimapembe, jioni mbili, na mistari iliposimama tuli nilimwita mke wangu aje aione.

Mota ilikuwa imelegea juu ya mipira yake mitatu iliyokwisha kuoza, ikitikisa sanduku zima. Nilikata mingine kwenye mpira ule wa baiskeli, tabaka mbili mbili. Mafuta niliyotia ni ya cherehani, matone mawili kila upande wa shafti. Naomba mtu yeyote asitie ya kupikia. Naletewa cherehani zilizotiwa mafuta hayo, na ndani nakuta utomvu umeganda.

Katriji, kile kichwa kinachoshika sindano na kuugeuza mtikisiko wake kuwa umeme wa sauti, ndiyo iliyonisikitisha. Ilikuwa ya fuwele ya chumvi ya Rochelle, ambayo unyevu huiua hata ikiwa imekaa tu sandukuni. Fuwele hiyo sikuwa na namna ya kuitengeneza, nikatafuta katriji mpya ya kauri. Haikuingia kwenye mkono wa zamani, kwa hiyo kishikio chake nilikikata kwenye bati la alumini na kukikunja kwa koleo. Uzito ambao sindano inakandamiza santuri niliupima kwa mizani ya sonara, ukaja gramu 9, nikarekebisha springi ya mkono hadi ukashuka kwenye 5.

Sindano nazishika kila siku, na bado sikuthubutu kutengeneza ya gramafoni. Ncha yake ni yakuti au almasi iliyosuguliwa ikawa duara. Ya santuri za 78 ni nene karibu mara tatu kuliko ya LP, zile za mizunguko 33 ambazo kampuni ya Columbia ilizitoa mwaka 1948. Ukiweka ncha ya chuma uliyoinoa mwenyewe juu ya LP, itachimba mfereji, na kilichochimbwa hakirudi. Vilevile ile spiriti niliyofutia mpira isiguse kamwe santuri ya 78 ya zamani. Nyingi zimetengenezwa kwa laki, ule utomvu wa wadudu uitwao shellac, na spiriti huiyeyusha laki. Mambo ya umeme pia sikubuni lolote: kapasita zilizochoka nilimpa fundi redio azibadilishe kwa zinazofaa.

Mhariri, katika kazi yote hii kilichonila muda zaidi ni kukosa vipimo. Unene wa mpira ulikuwa kiasi gani ulipokuwa mpya? Springi ilivuta kwa nguvu gani? Mwenye mashine inayofanya kazi leo anaweza kuyajibu maswali hayo kwa rula na mizani, kabla mpira wake haujakauka. Nakuombeni mtenge kona ndogo gazetini ambapo wasomaji wataleta vipimo pamoja na jina la mashine na namba iliyogongwa chini yake. Vyangu nimeviandika kwenye kadi na kuibandika ndani ya kifuniko, na nitakuwa wa kwanza kuvileta.

Na kwa msomaji ambaye ameshaifuata ile makala na maua yako juu ya sanduku, nakusihi usiitupe mota. Usitupe lile gurudumu hata kama mpira wake umekwisha, wala springi, wala klipu ndogo inayolishika, ambayo huruka ukiitoa na kupotelea sakafuni. Vitie kwenye kopo kavu, uandike juu yake vimetoka kwenye mashine gani. Yuko mtu ambaye gramafoni yake imekosa klipu hiyo tu.

Msomaji wako,
Fundi cherehani